Kuishi kwa Kiasi si Amri ya Serikali

Tarehe 9 Desemba 2015, siku Tanzania Bara ilipotimiza miaka 54 ya uhuru, hapakuwa na gwaride wala mizinga. Rais John Magufuli, aliyekuwa na mwezi mmoja tu madarakani, alitoka Ikulu ya Magogoni akaenda Feri, akainama na kuokota taka kwa mikono pamoja na watu wa soko la samaki. Sherehe za uwanjani alikuwa amezifuta. Shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa ajili yake zilielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge. Kabla ya hapo, fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zilikuwa zimepelekwa kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, na maofisa waliozoea kusafiri ng'ambo kila mwezi walikuwa wameambiwa watulie nyumbani. Picha za rais mwenye taka mkononi zilizunguka Afrika nzima. Kenya na Uganda watu walitaniana mitandaoni kuhusu kubana matumizi kwa mtindo wa Magufuli.

Katikati ya mwaka uliofuata mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilipigwa marufuku. Marufuku hayo yalidumu hadi Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoyaondoa.

Matukio hayo mawili husimuliwa na watu wawili tofauti. Anayempenda Magufuli husimulia la kwanza, asiyempenda husimulia la pili. Yanafaa kusimuliwa pamoja, kwa kuwa kipande hicho cha Dar es Salaam, kuanzia maji ya Feri hadi vichochoro vya Kariakoo, kimeshuhudia zaidi ya mara moja serikali ikiwahubiria raia waishi kwa kiasi huku ikikosa uvumilivu kwa raia anayefuata dhamiri yake. Ndoa ya mambo hayo mawili ni ngumu kuliko wahubiri wake wanavyokiri.

Nje ya Afrika Mashariki, mtu anayetajwa sana kwa kuyaunganisha ni Mmarekani Henry David Thoreau. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia kwenye kibanda alichokijenga mwenyewe kando ya bwawa la Walden, karibu na mji wa Concord, jimbo la Massachusetts. Aliweka hesabu ya kila msumari, na kibanda chote kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Akalima maharage, akatembea msituni, akaandika. Mwaka 1846 alilala rumande usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa, akisema hatalipia serikali inayolinda utumwa na kupigana vita na Mexico. Watanzania wenye umri wa kutosha wanaijua kodi ya namna hiyo: kodi ya maendeleo, iliyofanya mgambo wakae njiani kudai risiti, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Kwa Thoreau kulitokea jamaa aliyelipa deni hilo kwa niaba yake, naye akafunguliwa kesho yake, bila kufurahi. Wakosoaji wake hupenda kukumbusha kwamba ardhi ya kibanda ilikuwa ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, na kwamba kwa mama yake hapakuwa mbali. Wanakumbusha ukweli. Hata hivyo maandishi yake ya 1849 juu ya usiku ule yalimfikia Gandhi, na kupitia Gandhi yakazifikia harakati nyingi za kudai uhuru.

Jambo la kuzingatia kwa Thoreau ni kwamba hakuna aliyemtuma. Kibanda alikichagua, na rumande aliichagua.

Dar es Salaam ilipata mtu wa namna hiyo miaka mia na kidogo baadaye, naye alikuwa mwalimu wa Pugu. Mwaka 1955 Julius Nyerere alitakiwa achague kati ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Francis na kuongoza TANU, chama kilichozaliwa mwaka uliotangulia hapo Kariakoo, katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Aliacha kazi. Mshahara ukakatika, nyumba ya shule ikaondoka pamoja nao, na familia yake ikapokewa Kariakoo nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, ambaye naye alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Mama Maria alifungua biashara ndogo ya mafuta ya taa. Kwa miaka kadhaa kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote nchini aliishi kwa hisani ya marafiki, bila kulalamika hadharani na bila kuonyesha kwamba anaona fahari.

Mwaka 1958 alishitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili wa Kiingereza katika jarida la Sauti ya TANU. Wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea. Mahakama ilimkuta na hatia: shilingi 3,000 au jela miezi sita. Wengi waliokuwa nje ya mahakama walitaka aende jela, maana jela ilikuwa imewajenga Kwame Nkrumah na Gandhi. Nyerere alilipa. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na aliona chama kinamhitaji nje kuliko ndani. Kwa kipimo cha Thoreau hapo alishindwa. Kwa kipimo cha mtu aliyekuwa na nchi ya kuikomboa alifaulu, na yeyote anayemlaumu leo anatakiwa aeleze miezi sita ya jela ingeleta nini ambacho sanduku la kura halikuleta.

Tatizo lilianza pale mtu huyo mwenye kiasi na dhamiri alipokuwa yeye mwenyewe serikali.

Oktoba 1966 serikali ilikuwa imepitisha mpango wa kuwapeleka wahitimu wa vyuo Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Wangekaa kambini miezi kadhaa, kisha wafanye kazi za serikali kwa miezi 18 wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba, Jumamosi, wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Bango moja liliandika kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwakilishi wao alisoma tamko mbele ya rais na mawaziri wake, na maana yake ilikuwa kwamba miili yao inaweza kupelekwa kambini lakini roho zao zitabaki nje.

Tamko hilo lilistahili kusikilizwa kwa makini kuliko lilivyosikilizwa. Ni kweli lilichanganywa na mambo ya mshahara, na vijana waliokuwa wamesomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba na mkonge hawakupendeza walipogombea asilimia 60 iliyobaki. Mkulima wa Shinyanga hakuwa na asilimia yoyote ya kugombea. Lakini ndani ya tamko kulikuwa na hoja isiyohusu pesa kabisa: kwamba kujitolea kukilazimishwa si kujitolea tena.

Nyerere alijibu kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na sehemu mbili ambazo wanahistoria wengi huzichanganya. Sehemu ya kwanza aliielekeza kwake mwenyewe. Alitaja mshahara wake, shilingi 5,000 kwa mwezi, akasema ni mkubwa mno, akaupunguza papo hapo kwa asilimia 20 pamoja na mishahara ya viongozi wa juu. Viongozi wachache duniani wamejibu maandamano kwa kukata posho yao. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha pamoja na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asipangishe nyumba, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya mtu binafsi. Miiko hiyo ina mizizi mingi, lakini mmoja wake ulipandwa siku ile, kwenye nyasi za Magogoni.

Sehemu ya pili aliielekeza kwa vijana. Wanafunzi 393 walifukuzwa vyuoni na kurudishwa makwao chini ya uangalizi wa polisi. Kati yao 334 walikuwa wa Chuo Kikuu, karibu theluthi mbili ya Watanzania wote waliokuwa wakisoma hapo. Nchi yenye wasomi wa kuhesabika ilijinyima wasomi hao kwa ajili ya tamko lililosomwa kwenye bustani. Wengi walirudishwa baadaye na wakaja kuitumikia serikali ile ile, baadhi yao wakiwa watumishi hodari. Hilo halifuti lililotokea. Kwa upande wa pesa rais alikuwa na haki kuliko wanafunzi. Kwa upande wa dhamiri wanafunzi, pamoja na majoho yao na bango lao la kijinga, walikuwa na haki kuliko rais.

Inawezekana kusema kwamba wanafunzi wale hawakuwa mfano mzuri, kwa kuwa hawakutaka kuishi kwa kiasi. Basi upo mfano mwingine, wa watu waliotaka, na huo unauma zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kundi la vijana wa TANU katika wilaya ya Songea liliingia porini, mahali paitwapo Litowa, likaanza kulima pamoja. Kiongozi wao aliitwa Ntimbanjayo Millinga. Walianza na njaa na wanyama waharibifu, na baadhi walikata tamaa wakaondoka. Waliobaki walijenga nyumba, wakafungua shule iliyofundisha kulima pamoja na kusoma, wakaanzisha ushonaji, mashine ya kusaga na kiwanda cha mbao. Mwaka 1963 walisajili Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na Mwingereza Ralph Ibbott, aliyehamia huko na mke na watoto, akawa mshauri wao. Vijiji vikaongezeka hadi kufika 17. Maamuzi yalifanyika mkutanoni, wanaume na wanawake wakiwa na sauti, na mapato yakagawanywa kwa kazi. Kukaribisha kijiji kipya kwenye chama halikuwa jambo la haraka. Wenyeji walitakiwa kwanza waelewe na wakubali wenyewe.

Nyerere aliwapenda. Aliwatembelea, akawasifu, na alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 Litowa ilikuwa mfano hai aliokuwa nao kichwani. Wageni kutoka Chuo cha Kivukoni, kilichokuwa ng'ambo ya bandari kutoka mjini, walikwenda Ruvuma kujifunza.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mashine, magari na kiwanda cha mbao vilichukuliwa na serikali, wataalamu wakahamishwa, walimu wa shule ya Litowa wakatawanywa. Kosa la wanavijiji halikuwa kupinga ujamaa. Kosa lao lilikuwa kuuishi bila kuomba ruhusa. Wakuu wa mkoa waliofika na amri zao walikuta watu waliozoea kuuliza sababu ya amri, na chama kilichojiita cha wakulima kikaogopa wakulima wanaojiongoza. Nyerere, ambaye angeweza kulizuia jambo hilo, hakulizuia.

Ukitafuta mahali katika historia ya Tanzania ambapo maisha ya kiasi karibu na ardhi yalikutana na dhamiri huru, ni Litowa. Walikaa hapo kwa hiari, waliweza kuondoka, na walijua sababu ya kubaki. Serikali ilipokivunja chama hicho ilijinyima ushahidi pekee uliokuwepo kwamba sera yake ingeweza kufanikiwa.

Baada ya hapo hiari iliondoka katika msamiati. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Operesheni Vijiji ikafuata, na hadi mwishoni mwa 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine nyumba zao za zamani zikibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Walipewa kile ambacho Thoreau alikitafuta, yaani nyumba ndogo, jembe, maji ya mto na anga. Hawakukipenda, na mashamba mengi mapya yalizaa kidogo kuliko yale waliyoyaacha. Wataalamu wa kilimo bado wanabishana kuhusu mchango wa ukame na mchango wa operesheni katika njaa ya miaka hiyo. Kuhusu furaha ya waliohamishwa hakuna anayebishana.

Feri iliyaona mambo hayo kwa karibu. Ukivuka na pantoni hadi Kigamboni na kuendelea kusini kwa pwani unafika Gezaulole, mojawapo ya vijiji vya ujamaa vilivyoanzishwa mapema miaka ya 1970 ili kupokea watu wasio na kazi kutoka mjini. Mwaka 1983 msako wa wasio na kazi mjini ukawa sheria, na watu wakaiita Nguvukazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa mzururaji, na mzururaji alikamatwa Kariakoo, Feri, Mnazi Mmoja, akapandishwa lori na kupelekwa kijijini au kwenye mashamba ya mkonge. Waliokamatwa walikuwa wauza karanga, wapiga viatu rangi, wachuuzi wa samaki, wasichana wa kazi waliotumwa dukani bila karatasi. Wengi walirudi mjini baada ya siku chache, wengine kwa miguu. Ofisa aliyesaini orodha za kuwapeleka mashambani alirudi jioni nyumbani Oysterbay, na yeye hakuna aliyemuuliza kwa nini hakai kijijini.

Hapo ndipo mahubiri ya kiasi huharibika. Kuishi na vitu vichache ni jambo jema kwa mtu aliyekuwa na nafasi ya kuishi na vingi. Mpara samaki wa Feri anayeanza kazi alfajiri, mbeba maji, mama ntilie anayepika ugali na kibua kwa moshi wa mkaa, hao wana vitu vichache tangu zamani na hawajapewa tuzo. Wanaishi karibu na bahari kuliko mshairi yeyote wa mazingira. Wanajua upepo wa kusi na kaskazi, wanajua bamvua na maji mafu, wanajua kutambua samaki aliyevuliwa kwa baruti kwa kumbonyeza tu. Kuwaambia kwamba wanaishi maisha bora kwa sababu hawana friji ni kuwakejeli. Serikali imewahi kuwakejeli waziwazi: mwanzoni mwa mwaka 2012 nauli ya pantoni ya Kigamboni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 na wakazi wakalalamika, waziri wa ujenzi wa wakati huo aliwaambia asiye na 200 apige mbizi. Waziri huyo alikuwa Magufuli. Karibu miaka minne baadaye aliokota taka upande wa pili wa maji hayo, na kila mtu akapiga picha.

Haifuati kwamba alikuwa mnafiki. Pengine aliamini yote mawili: kwamba mali ya umma isichezewe, na kwamba raia alipe bila kelele. Watawala wengi wa Afrika Mashariki waliopenda kubana matumizi wameamini hivyo. Ukali kwa vitumbua vya ofisini huenda sambamba na ukali kwa mdomo wa raia, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja: mtawala anayejiona ndiye mwenye dhamiri ya taifa zima, na wengine ni wa kufuata.

Je, raia wenyewe wakigoma, hiyo ni dhamiri? Kariakoo ilitoa jibu gumu. Jumatatu ya 15 Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka, na kwa siku tatu soko linalolisha maduka ya Zambia, Kongo, Malawi na Komoro lilikaa kimya. Walilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi, utaratibu wa kusajili stoo na namna kodi ya ongezeko la thamani inavyodaiwa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kukutana nao Mnazi Mmoja, akasimamisha usajili wa stoo na kuunda kamati. Juni 2024 wakafunga tena, na safari hii miji mingine ikajiunga.

Malalamiko yao mengi yalikuwa ya haki. Ofisa anayemsimamisha mnunuzi mlangoni na kudai risiti kwa vitisho, huku akiacha njia ya kumalizana kimya kimya, anaiba mara mbili. Lakini ni vizuri mambo yaitwe kwa majina yake. Mgomo wa Kariakoo ulikuwa wa masilahi. Siku zile tatu mwenye duka lenye makontena njiani kutoka Guangzhou alipoteza faida ya siku tatu. Kuli wa mkokoteni alipoteza chakula cha siku tatu, na hakuna aliyemuuliza kama anagoma. Kukataa kwa dhamiri humgharimu kwanza yule anayekataa. Huo ndio mstari unaotenganisha usiku wa Concord, barua ya kuacha kazi Pugu na vijana wa 1966 kwa upande mmoja, na mazungumzo ya kupunguziwa kodi kwa upande mwingine. Mazungumzo ya kodi si dhambi. Ni siasa ya kawaida, na nchi yenye afya inayahitaji. Yasivikwe tu joho lisilo lake.

Jirani wa Kenya alionyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 ambalo serikali ya Daniel arap Moi na chama tawala cha KANU vilitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Hakuwa na duka pale wala kiwanja. Wabunge walimtukana bungeni, na Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ikatimuliwa kwenye ofisi iliyokuwa imepewa na serikali. Wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Bustani ipo hadi leo, na watu wanaolala usingizi wa mchana kwenye nyasi zake wengi wao walizaliwa baadaye.

Turudi Magogoni, kwenye miiko. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba, kumiliki hisa, kupokea kipato cha pili. Hoja zilizotolewa hazikuwa za kijinga: mishahara ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei, na viongozi walikuwa tayari wanafuga kuku na kuuza vitumbua kupitia majina ya wake zao. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na tangu hapo kila kiongozi wa umma hutakiwa kujaza tamko la mali na madeni yake na kuliwasilisha kwenye Sekretarieti ya Maadili kabla ya mwisho wa Desemba.

Matamko hayo yapo. Yanajazwa, yanapokelewa, yanatunzwa, na kila mwaka Sekretarieti huwakumbusha waliochelewa. Raia wa kawaida hawezi kuingia, akafungua faili la mbunge wake, akasoma na kwenda kuandika gazetini alichokisoma. Masharti yaliyowekwa yanafanya rejista hiyo iwe ya siri kwa vitendo hata kama si ya siri kwa jina. Mwandishi wa habari anaweza kujua bei ya changu Feri kila asubuhi, kwa kuwa dalali wa mnada anaitangaza kwa sauti kubwa mbele ya kila mtu. Hawezi kujua kiongozi aliingia madarakani na viwanja vingapi na sasa ana vingapi.

Basi serikali inayotaka kuzungumza na wananchi juu ya kubana matumizi ianze na rejista hiyo. Bunge lirekebishe sheria ya 1995 ili matamko ya mali ya viongozi wote, kuanzia rais hadi mkuu wa wilaya, yachapishwe kila Januari katika gazeti la serikali na mtandaoni, bila ada na bila masharti ya kumtisha anayeyasoma. Kwa njia hiyo kiasi cha kiongozi kitakuwa chaguo lake linaloonekana, badala ya kuwa picha ya siku moja. Asiyetaka kuishi kwa kiasi pia atajulikana, na wapiga kura watafanya hesabu zao.

Na kwa upande wa dhamiri, serikali haina la kufundisha. Ina la kuacha. Iache mtumishi wa umma anayekataa amri haramu alindwe kikamilifu na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, badala ya kuhamishiwa wilaya ya mbali. Iache kijiji kinachojiongoza kijiongoze, hata kikiamua jambo ambalo mkuu wa wilaya hakulipenda. Wenyeji wa Litowa walinyang'anywa mashine yao ya kusaga mwaka 1969. Serikali iliyofuata sera yao, ikawavunja, kisha ikaitumia sera hiyo kwa nguvu nchi nzima, haijawaomba radhi, nayo inaweza kuanza kwa hilo.